Ngojea "Ila": Nilivyojifunza Kuendesha Miradi Birmingham

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti chenye magurudumu matatu, kikombe kisicho na mkono, na simu iliyokuwa ikilia mfululizo tangu, nadhani, dunia ilipoumbwa. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa pale Sparkbrook, na asubuhi ikisogea kidogo harufu ya nyama choma ya Ladypool Road ilipanda dirishani hata mtu aliyetoka kula akajiona yatima. Shirika letu la hisani lilikuwa na mabasi madogo yenye lifti nyuma. Tuliwachukua wazee na wagonjwa majumbani kwao, tukawafikisha hospitali, tukawarudisha. Basi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kuandika nani anataka kwenda wapi. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshatukanwa kwa kila lugha inayozungumzwa Birmingham, na nyingine nahisi zilibuniwa papo hapo kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimetoka Isiolo kupitia Denmark, nchi tambarare kama chapati, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nawaambieni haya ninyi mnaobaki kwa sababu, mlipokuwa mkinikatia keki ya kuniaga, mliniomba niwaandikie somo la namna ya kuchagua mbinu za kuendesha miradi. Nimejaribu kuandika somo, likanishinda. Kila nikianza, anaingia mtu na kiti chake cha magurudumu, anakaa katikati ya ukurasa. Kwa hiyo nitawaandikia yalivyokuwa, na somo mtalichuja wenyewe kama chai. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vya kwanza vilikuja kwa kuchelewa, na ya pili ilikuwa na haya, haikupenda kuonekana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Harjit, msimamizi wa magari. Alikuwa Singasinga wa Kisumu, fundi tangu utotoni, kilemba chake kimekaa sawa hata akiwa chini ya gari. Siku ya pili alinikuta nikipanga safari mezani, akaniuliza kwa Kiswahili, ghafla tu, kama mtu anayerusha mpira:

"Wewe mama, umetoka wapi?"

"Isiolo, mzee."

"Isiolo! Basi sisi ni majirani. Kisumu na Isiolo ni pua na mdomo."

Anayejua ramani ya Kenya atacheka. Lakini ukiwa Birmingham, na mvua inanyesha kwa upande, Kisumu na Isiolo ni nyumba mbili zinazopakana.

"Acha simu," akasema. "Leo unapanda gari."

Alinikalisha kwenye kiti cha magurudumu, akanifunga mikanda kama gunia la viazi, akanizungusha Sparkbrook nzima. Wallahi kila tuta la barabara nililijua kwa jina. Tuliporudi, uti wa mgongo ulikuwa umefupika nusu futi, na sijarudishiwa mpaka leo.

"Sasa umejua kwa nini Bi Kusum hupiga simu akifoka?" akaniuliza.

"Nimejua, mzee. Nami nitaanza kufoka."

"Vizuri. Mtu asipange safari ya gari ambalo hajalipanda. Kila mwezi utapanda. Mpaka ufe au ustaafu."

Nilifuata amri hiyo mpaka nilipostaafu. Nilichagua cha pili.

Bi Kusum niliyemtaja alikuwa abiria wetu, mama wa Kihindi aliyezaliwa na kulelewa Mombasa, mjane, anayeishi peke yake katika moja ya zile nyumba zilizoshikana mabega kule nyuma ya Stratford Road. Figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki tulimpeleka hospitali upande wa Edgbaston akasafishwe damu kwa mashine, yeye na wenzake kadhaa. Mwili ulikuwa kama unyasi lakini ulimi ulikuwa upanga. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mie n'kikosa mashine siku moja, miguu yavimba ka' mikate ya mofa. N'kikosa mara mbili, njooni na mashada." Alisema huku akicheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo kila mradi niliougusa niliupima kwa Bi Kusum: je, baada ya hili, mama huyu atafika?

Ni Mzee Harjit tena aliyenisukuma kwenda kusoma. Siku moja ofisi ilitaka mtu wa kusimamia ununuzi wa mabasi mapya, akanitaja mimi. Nikamwambia sijui hata mradi unaanzia wapi. Akasema, "Nenda ngumbaru." Kwetu Kenya ngumbaru ni shule ya watu wazima walioikosa shule utotoni, na alilitamka neno hilo mbele ya madereva wote, kwa sauti ya muadhini. Kuanzia hapo jina likanikaa. Nilipotoka kazini jioni na mkoba wangu, madereva walijipanga mlangoni: "Ngumbaru, umefanya homuweki?"

Nilisoma miaka kadhaa ya jioni katika chuo kimoja mjini, pamoja na mwokaji mikate aliyelala darasani akiwa amenyooka wima, na mlinzi wa maduka aliyekuja na redio yake ya kazini ikikoroma mfukoni. Vitabu vilikuwa vizito hivi kwamba bega langu la kulia lilishuka, na hata leo nikivaa baibui upande mmoja unafagia barabara. Lakini niliipenda shule ile, Mungu awabariki walimu wake. Nilijifunza kuwa kuna mtindo wa maporomoko, ambapo kila hatua humwagikia inayofuata na maji hayapandi mlima tena. Kuna mtindo wa milango, ambapo mradi husimama kila hatua na wakubwa huamua kama upite au ufie hapo. Kuna mtindo wa mizunguko mifupi, unafanya kipande kidogo, unawaonyesha watu, unarekebisha, unarudia. Kuna ubao wa kadi, unaoonyesha kazi gani inangoja, ipi inafanywa, ipi imekwisha. Nilitoka darasani usiku mmoja nikijiona kama mtu aliyegundua moto.

Mwalimu alituonya kuwa kila mtindo una wafuasi wake, na wafuasi wa mitindo ni kama mashabiki wa mpira, hawasikii. Nilidhani anatania. Kumbe ofisini kwetu meneja wa wakati ule alikuwa ameangukia penzi la mtindo wa milango. Tulihitaji mteremko mdogo mlango wa nyuma ili viti vya magurudumu vipite. Mteremko wenyewe hata mbuzi angeweza kuuruka. Tukauandikia mpango, tathmini, orodha ya hatari, orodha ya wadau, na sahihi za watu ambao hawakuwahi kuuona mlango huo. Mzee Harjit alikuja akayatazama yale makaratasi mezani, akayapima kwa macho ya fundi.

"Sahra, haya tukiyapanga vizuri, kiti kitapanda juu yake. Hatuhitaji simenti."

Baadaye tukaasi. Tukanunua redio za magari bila mpango wowote, kwa furaha tu. Zilikuwa redio nzuri ajabu. Kasoro yake ilikuwa moja: zilizungumza na teksi za watu wengine. Mgonjwa wetu mmoja alifika hospitali akiwa amesikia ugomvi wote wa ndoa ya dereva wa Solihull, na akataka kujua uliishaje.

Hapo ndipo nilipojiwekea kipimo changu, nacho hakimo katika kitabu chochote nilichokibeba. Kabla sijachagua mtindo, nauliza: tukikosea, tunaweza kurudi kesho? Kama tunaweza, basi tujaribu leo, kidogo kidogo, na makaratasi yatufuate nyuma. Kama hatuwezi, kama ni mkataba, ukuta, au damu ya mtu, basi tuweke milango, na kila mlango uwe na bawabu mkali. Na mradi mmoja unaweza kuwa na pande zote mbili. Mtu hapiki wali na maandazi katika chungu kimoja kwa sababu tu vyote ni chakula.

Sasa nifike kwenye mradi ulionizeesha. Mwenye jengo la Sparkbrook alitaka jengo lake alifanye ukumbi wa harusi. Tukapata mahali Washwood Heath, ghala kubwa katikati ya maghala, jirani na ujenzi wa bohari ya ile reli mpya ya kasi. Ofisi kuu ikaona, maadamu tunahama, tubadilishe na mtambo wa kompyuta wa kupangia safari. Kuhama nyumba na kubadilisha mume wiki moja. Tarehe ya kukabidhi funguo ilikuwa imeshasainiwa na isingesogea hata kwa maombi. Na mkurugenzi alisema neno moja ambalo kila mmoja wetu alilisikia vizuri: wagonjwa wa mashine ya figo wasikose hata safari moja. Wengine tungeweza kuwaahirisha, kuwaomba radhi, kuwatafutia teksi. Hawa hapana. Hospitali ilikuwa na foleni, nafasi ukiipoteza hupewi nyingine siku hiyo.

Ndipo akaletwa Oliver. Wengi wenu mnamfahamu kama bosi wenu, mwenye nywele zinazoanza kumkimbia. Alipofika alikuwa kijana mwembamba mwenye baiskeli na imani. Imani yake ilikuwa mizunguko mifupi, ubao wa kadi, na kikao cha kila asubuhi ambapo watu husimama ili kikao kisirefuke. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alisikiliza, na kwa sababu alikula sambusa zangu saba bila kuulizwa. Tulikubaliana: yeye na mimi tungeendesha mradi pamoja.

Katika kikao cha asubuhi kila mtu alipewa kadi tatu kama taa za barabarani. Kijani, mambo yanakwenda. Njano, kuna wasiwasi. Nyekundu, tusaidieni. Oliver angemgeukia mtu, mtu ainue kadi, aibandike ubaoni, aseme neno, zamu ipite kwa mwingine. Haraka, safi, na chai haijapoa.

Walioshiriki kwa upande wa kazi yenyewe walikuwa watatu. Bi Mwanaidi wa Tanga, ambaye alipokea simu baada yangu na adabu yake ingeweza kuuzwa kwa kilo. Tresor wa Lubumbashi, dereva wa basi la wagonjwa wa figo, aliyevaa tai hata siku ya kuosha gari. Na Mzee Harjit, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshastaafu mara mbili na kurudi mara tatu.

"Mwanaidi, uhamishaji wa orodha ya abiria?" Oliver angeuliza.

Kijani. "Salama."

"Tresor, njia mpya?"

Kijani. "Muzuri. Iko bien."

"Harjit, yadi?"

Kijani. "Nzuri, bwana."

Asubuhi hadi asubuhi, kijani. Ubao wetu ulikuwa shamba la sukuma wiki. Oliver alipeleka taarifa ofisi kuu, ofisi kuu ikafurahi, mkurugenzi akaja mwenyewe kuona ubao akaupiga picha.

Zikiwa zimebaki wiki chache tuhame, zamu yangu ya kupanda gari ikafika. Nikakaa nyuma ya Tresor, mkabala na Bi Kusum aliyekuwa anarudi kutoka hospitali amechoka, mkoba umekumbatiwa kifuani. Tulipopita mtaa wa miti mikubwa ya Edgbaston akafumbua jicho moja.

"Tresor mwanangu, habari za kwako?"

"Muzuri, mama."

"Watoto?"

"Banakuwa muzuri."

"Na huko kupya mnakohamia, kwaonaje?"

"Muzuri, mama."

Bi Kusum aliendelea kumtazama tu kwenye kioo, kama mtu aliyeweka maji jikoni na anajua yatachemka.

"Ila," akasema Tresor.

"Eeh. Ila?"

"Ila ile njia, mama, asubuhi iko na macamion mingi. Yale ya kujenga reli. Minaenda pale siku yangu ya conge, ya kupumzika, minajaribu. Ninasimama tu. Nikitokea kule kwanza kuja kukuchukua, nitakupata ume... pardon, mama. Utakasirika."

Nilihisi damu yangu mwenyewe inahitaji mashine. "Tresor!" nikapiga kelele. "Mbona kila siku unainua kijani?"

Alinitazama kwenye kioo kwa mshangao wa kweli, hata akapunguza mwendo. "Mama Sahra, Oliver ananiuliza habari. Mimi nitajibu nini? Kwamba ni mubaya? Mbele ya watu?"

"Lakini ulijua kuna malori!"

"Nilikuwa nafika pale. Nikisema muzuri, yeye anaenda kwa mwingine."

Bi Kusum akacheka mpaka akakohoa. "Nyinyi na shule zenu," akanielekezea kidole. "Mtu huulizwa habari, hujibu njema. Hata kama nyumba yawaka, njema kwanza, moto baadaye. Wewe Msomali wa Isiolo wataka kuniambia hulijui hilo?"

Nilijua. Tangu kunyonya nilijua. Babangu alipofiwa na ngamia wake wote katika ukame, aliulizwa habari za mifugo akajibu njema, kisha akasema ila wamekufa. Hakuna kwetu anayeanza na kifo. Mwenzako anakuuliza, unamtuliza kwanza kwa njema, unampa nafasi ya kukaa, halafu unamletea ila yako taratibu kama mtu anayebeba uji wa moto. Nusu ya kwanza ya jibu ni adabu. Habari imo katika nusu ya pili. Na sisi tulikuwa tumejenga kikao kizima cha kisasa kilichokata kila mtu katikati, kikachukua adabu na kuiacha habari mlangoni.

Kesho yake nilimwomba Oliver aniachie kikao. Nilikwenda na birika la chai ya maziwa na tangawizi, nikawaambia wakae. Oliver alishtuka, kwake kukaa ilikuwa sawa na kuvua viatu bungeni. Nikamnong'oneza: "Leo ukisikia njema, usigeuke. Kunywa chai. Mtazame."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aseme ila. Na akishasema, ongeza chai."

Nikaanza na Mwanaidi, kwa utaratibu wote, na Oliver akifuata kwa msaada wa tafsiri yangu. Umeamkaje, salama. Mzee nyumbani, salama. Orodha ya abiria kwenye mtambo mpya, salama. Nikanywa. Oliver akanywa. Saa ya ukutani ikasikika. Mwanaidi akalikunja pindo la mtandio wake.

"Ila, dada," akasema, "huu mtambo unasahau watu. Wale wa kila wiki nikiwaingiza, wiki ya kwanza wapo. Ya pili hawapo. Bi Kusum nimemwingiza, akapotea. Nikamwingiza tena, akapotea tena, kama ana deni."

Oliver alikiweka kikombe chini. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mlipouleta, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza habari, nikakujibu. Ukamgeukia mwingine. Ningekukimbilia?" Alisema kwa upole mkubwa, kisha akamwongezea chai.

Tresor akatoa ila yake ya malori. Kisha Mzee Harjit akasafisha koo, naye akaleta yake: lango la eneo lile la maghala lilifunguliwa na mlinzi wa mwenye eneo, na mlinzi huyo alikuwa akilifungua baada ya saa ambayo basi la kwanza lilipaswa kuwa limeshaondoka.

"Mzee na wewe!" nikasema. "Wewe uliyenipeleka ngumbaru!"

"Nilisema nzuri, na yadi ni nzuri. Ina paa." Akajikuna ndevu. "Ila haifunguki."

Tulicheka kikao kizima, kicheko cha watu wanaoona shimo wakiwa bado hatua moja nyuma yake. Oliver naye alicheka, kisha akaenda ubaoni bila kuambiwa na mtu, akazitoa kadi za kijani moja moja, akaweka nyekundu. Uso wake ulikuwa kama maziwa. Taarifa zile za shamba la sukuma wiki zilikuwa na jina lake chini.

"Nitaenda kwa mkurugenzi leo," akasema.

"Tutaenda," nikasema.

Mkurugenzi wetu alikuwa mama wa hapahapa Birmingham, mwenye miwani ya kamba. Alisikiliza yote. Nilijiandaa kutetea watu wangu, nikamweleza habari ya njema na ila, ngamia wa babangu wakiwemo. Pengine niliongeza ngamia wachache. Akavua miwani.

"Baba yangu aliangushwa na ngazi akavunjika mguu," akasema. "Nilimpigia simu nikamuuliza hali. Akasema, 'Siyo mbaya.' Alikuwa bado amelala sakafuni." Akavaa miwani tena. "Mnataka nini?"

Tulitaka kuugawa mradi. Jengo, mkataba, lango na funguo vikabaki katika mtindo wa milango, hatua kwa hatua, na hakuna kupita bila mtu kwenda kuligusa lango kwa mkono wake. Mtambo wa safari tukauweka mikononi mwa Oliver na mizunguko yake mifupi, na hapo nawaambieni, kijana aling'aa. Aliwaingiza abiria wachache wa kawaida kwanza, akakaa na Mwanaidi bega kwa bega, wakaona nani anapotea na kwa nini, wakarekebisha, wakaongeza wengine. Bila mtindo wake tusingekigundua chanzo cha tatizo la wiki ya pili mpaka wiki ya pili yenyewe. Wagonjwa wa figo wangeingia mwisho, na kwa mwezi wa kwanza Mwanaidi angewabeba pia kwa njia ya zamani, ili mtambo ukiwasahau, yeye awakumbuke.

Lilibaki suala la malori. Basi la Tresor halikuweza kuanzia safari Washwood Heath asubuhi, na Sparkbrook tulikuwa tunanyang'anywa. Hapo Mzee Harjit akasema ataongea na watu wake. Akaenda gurdwara, hekalu la Masingasinga anakosali, jirani tu na ofisi yetu ya Sparkbrook, akaomba kona ya maegesho yao basi liwe linalala pale. Alirudi amejaa furaha.

"Wamekubali?" nikauliza.

"Wamekubali. Ila wanataka dereva apate chai na roti kabla ya kuondoka. Hawataki mtu atoke kwao na njaa."

Tresor aliinua mkono. "Mimi niko tayari kuteseka."

Kwenye ubao wetu Oliver akachora safu mpya kando ya zile tatu za rangi, akaiandika ILA kwa herufi kubwa. Sheria ikawa kwamba kadi ya kijani isiyo na kitu katika safu ile haikubaliwi mpaka mwenye kadi amalize kikombe. Watu wa ofisi kuu walipokuja waliuliza hicho ni kifupi cha maneno gani. Oliver akawaambia ni mbinu kutoka Afrika Mashariki. Hakudanganya.

Siku ya kuhama ilifika na mvua yake. Niliamka kabla ya kuku, kama Birmingham ingekuwa na kuku. Mwanaidi alikuwa Washwood Heath kwenye simu, Oliver langoni na mlinzi aliyekuwa ameahidi kufungua mapema na kweli alifungua, Mzee Harjit kwenye maegesho ya gurdwara akishika tochi ambayo hakuna aliyeihitaji. Mimi nilisimama katikati ya makasha kwenye ghala tupu, simu mkononi, nikisema kila dua niliyofundishwa na nyingine nilizozitunga. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Tresor asinipigie njiani, aendeshe tu. Nikatembea ghala lile kutoka ukuta hadi ukuta mpaka nadhani nililipunguzia sakafu.

Simu ikalia. Haikuwa ya Tresor.

"Wewe Sahra!" Ilikuwa sauti ya Bi Kusum, na nyuma yake nikasikia mashine ikihema na muuguzi akimwambia mtu atulize mkono. "N'na malalamiko. Yaandike."

"Naandika, mama."

"Huyu Tresor amekuja mapema. Mapema mno! Mie chai yangu sijamaliza, meno yangu yako kwa gilasi, yeye ashafika mlangoni na tai yake, anuka roti. Wenzangu pia wanung'unika. Tumefika hapa kabla ya wauguzi kuvaa. Ni kazi gani hii mwafanya?"

Ilibidi nikae juu ya kasha. Upande wa pili wa ghala Mwanaidi alikuwa amesimama na simu zake mbili, ananitazama, hapumui. Nikamwinulia kidole gumba. Aliziba uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika.

"Mko hapo nyote, mama?" nikauliza. "Hakuna aliyebaki?"

"Tuko sote. Usinibadilishie maneno. Mwayachukulia hatua gani malalamiko yangu?"

"Tumeyapokea, mama," nikamwambia. "Keshokutwa tutakuja saa ileile."